Mstari wa Kumi na Saba

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia kuomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuomba msaada, maana kwa miaka tisa sasa kazi yangu imekuwa kuwasaidia wengine, mchana nikiwa mkutubi wa chuo cha ufundi, na saa za mapumziko nikiwa katika jukwaa moja la mtandaoni ambako watu huuliza maswali ya kompyuta na simu, wengine huyajibu, na kila jibu linalowafaa wasomaji humwongezea aliyelitoa pointi za sifa. Mimi ninazo pointi elfu kumi na nane na mia nne. Sisemi hivyo kwa majivuno. Au tuseme ukweli, nasema kwa majivuno, kwa sababu sikuzipata kwa kuchekesha watu wala kwa kujuana na mtu, nilizipata jibu kwa jibu, kila jibu nikilijaribu mara tatu kabla ya kuliandika, nami sina shahada ya kompyuta, nina cheti cha ukutubi na subira.

Nyumbani hawaelewi. Mume wangu, ambaye ni mpima ardhi na mtu mwema, huniuliza, "Hizo pointi zako zinaosha vyombo?" na dada yake humdakia, "Mwache wifi yangu, ndio ubunge wake huo." Nacheka nao, lakini moyoni najua kwamba pale jukwaani nikiandika neno, wahandisi wananyamaza na kusoma.

Jibu lililonipa jina ni la kuzuia matangazo ya biashara. Unajua mwenyewe jinsi kurasa za mtandaoni zilivyojaa vitu vinavyorukaruka, mtu akitaka kusoma aya moja sharti afunge madirisha manne, na mwenye kifurushi kidogo hukimaliza kabla hajafika aya ya pili. Nilitunga orodha ya mistari arobaini na mmoja inayokielekeza kivinjari kifiche nini na kiache nini, nikaiweka jukwaani bure, ikapigiwa kura kuliko jibu lingine lolote, maelfu wakaitumia, nami nikaiweka katika kompyuta zote kumi na nne za maktaba, bila kumwomba mtu ruhusa ya maandishi. Mstari niliojivunia kuliko yote ni wa kumi na saba. Ulichukua nafasi ya mistari minane, kwa kuagiza tu kwamba ukanda wowote unaokaa juu ya kichwa cha ukurasa ufichwe, kwa kuwa hapo ndipo wenye matangazo hupenda kukaa. Mhandisi mmoja aliandika chini yake: "Huu si mstari, huu ni wembe." Maneno hayo niliyachapa nikayabandika ndani ya mlango wa kabati langu la kazini.

Miezi mitatu iliyopita mgeni mmoja anayejiita Fundi Saa, mwenye pointi kumi na moja tu, aliandika: "Shikamoo mama. Huo mstari wa kumi na saba umefagia uchafu pamoja na vyombo. Zahanati yetu huweka zamu za daktari kwenye ukanda huo, nasi hatuzioni tena." Nikamjibu, "Marahaba. Soma maelekezo yote kabla ya kukosoa," kisha nikaufunga mjadala kwa mamlaka ambayo pointi zangu hunipa, nikayaficha maneno yake, na kwa kanuni zetu akapoteza pointi mbili. Hakurudi tena. Mimi ninayejaribu kila kitu mara tatu, siku ile sikujaribu hata mara moja, kwa sababu aliyesema alikuwa na pointi kumi na moja.

Sasa sikia yaliyofuata. Chuo kilisogeza mtihani wa vitendo wa uchomeleaji kutoka Ijumaa hadi Jumanne ya wiki hiyo hiyo, na ofisi ikaweka taarifa kwenye tovuti yetu, katika ukanda juu ya kichwa cha ukurasa, siku kumi kabla ya mtihani. Wanafunzi tisa walikuja Ijumaa na maovaroli yao wakakuta karakana imefungwa. Wameandikiwa kuwa hawakuhudhuria, na watarudia mwaka mzima, isipokuwa wakiithibitishia bodi ya mitihani, inayokaa Alhamisi ijayo, kwamba taarifa haikuwafikia.

Mmoja wao, mama wa watoto watatu aliyeacha kazi ya kiwandani ili asome, alikuja kaunta na karatasi mkononi.

"Dada, wewe ndiye mwenye maneno. Tutazamie hii barua kabla hatujaipeleka."

"Ina nini?"

"Wanasema taarifa ilikaa siku kumi. Kumi, dada! Na mimi kila mchana niko hapa hapa, kompyuta ya tatu, unaniona. Eti mwalimu ananiuliza kama huwa nasahau kuvua miwani ya kuchomelea."

Wenzake wawili waliosimama nyuma yake wakacheka. Yeye hakucheka. Nami mara tu alipotaja kompyuta ya tatu nilijua, kabla ya kujaribu lolote. Niliichukua barua yao, nikasahihisha nukta na mikato, nikamrudishia, akaniambia, "Mungu akuweke, dada."

Walipotoka nilijaribu. Mstari ukiwepo, taarifa haipo. Mstari ukiondoka, taarifa, ambayo ofisi bado haijaiondoa, ni hii hapa, nyekundu, kubwa kama kiganja. Nikafungua daftari la mahudhurio ya maktaba: wote tisa hutumia kompyuta zetu, na nilipoulizia kwa mbali, wale waliofika Jumanne waliisoma kwenye simu. Jioni ile ile niliufuta mstari katika kompyuta kumi na tatu. Ya kumi na nne sikuigusa, imo chumba cha nyuma tangu mwezi uliopita ikisubiri kioo.

Na mwezi huu huu jukwaa linapiga kura ya kumchagua Mlezi wa Jukwaa, cheo ambacho hajawahi kukipata asiye na shahada, na jina lililopendekezwa ni langu peke yake. Nikisema, jibu langu litaondolewa na pointi zake zote, na kumnyamazisha mkosoaji aliye sahihi ni kosa la kunyang'anywa mamlaka. Hapa chuoni sijui watanifanya nini. Nimefikiria kuurekebisha mstari kimyakimya, kisha niiandikie bodi barua isiyo na jina kwamba kompyuta za maktaba zilikuwa na hitilafu. Wanafunzi watapona, nami nitabaki nilivyo. Je, mshauri, haki haitakuwa imetendeka?

Mimi, mkutubi.

*

Mkutubi,

Jibu hili nakutumia kabla halijachapishwa, kwa kuwa bodi yenu haingojei gazeti.

Nianze na unachostahili. Mtu mwenye cheti cha ukutubi aliyewafanya wahandisi wanyamaze wasome hahitaji kuomba radhi kwa kujivunia, na mumeo akiuliza tena habari za vyombo, mwambie kwamba zamu ya kuviosha ni yake. Mhariri wangu amenitaka niseme pia kwamba gazeti hili mtandaoni linaishi kwa matangazo hayo unayoyafagia. Nimesema. Baadaye aliniomba nimwonyeshe orodha yako iko wapi.

Sasa tuzungumze. Swali lako umelipanga kwa ustadi, na ustadi huo ndio unaonitia shaka. Unauliza kama haki itatendeka kwa barua isiyo na jina. Fikiri kama bodi inavyofikiri. Watapokea karatasi isiyo na mwenyewe, inayosema "hitilafu", siku mbili kabla ya kikao, kwa faida ya watu tisa wenye sababu nzuri ya kuiandika wao wenyewe. Watadhani nani ameiandika? Utakuwa umeongeza tuhuma ya udanganyifu juu ya tuhuma ya uzembe. Na wakituma fundi akague, atakuta kompyuta kumi na tatu safi kabisa, kwa sababu wewe umekwisha kuzisafisha. Uliniandikia hilo kama mtu anayeripoti wema. Ulikuwa unafuta ushahidi wa watu wengine.

Kwa bahati imebaki moja. Kompyuta hiyo ya chumba cha nyuma usiiguse, usiiwashe, usiipanguse hata vumbi. Funga chumba, ufunguo mpe katibu wa bodi, na ufungwapo awepo mtu wa pili. Kioo cha kuazima kitapatikana.

Kuna jambo jingine ambalo hukuniuliza. Ulisahihisha mikato ya barua ile huku ukijua sentensi moja iliyokosekana ndani yake, sentensi ambayo ingewaokoa, na duniani kote mwenye kuijua ulikuwa wewe peke yako. Yule mama akakuombea dua. Sitaki kukuongezea uchungu, naona unao wa kutosha. Nataka tu uelewe kwamba kosa la mstari ni la mwezi mwingine na lilitokea kwa bahati mbaya, lakini la kaunta ni la juzi na hukulifanya kwa bahati mbaya. La kwanza linasameheka kwa urahisi mno. La pili linasameheka likisemwa.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujafungua maktaba, nenda karakana ukamtafute yule mama. Asilisikie kwa mkuu wa chuo wala kwa mwalimu mwenye utani wa miwani. Mwambie: "Taarifa niliificha mimi. Sikukusudia. Ulipoleta barua nilijua, nikanyamaza. Ninaweza kuwaonyesha bodi." Kisha nyamaza. Akikufokea, usijitetee, na wala usimweleze ubora wa mistari minane au mmoja. Hana haja nao. Akikugeuzia mgongo, mwachie nakala ya daftari la mahudhurio juu ya meza uondoke.

Kutoka hapo nenda kwa katibu wa bodi na barua yenye jina lako, cheo chako na sahihi yako, uombe kufika kwenye kikao mwenyewe. Waonyeshe ukurasa mstari ukiwepo na ukiwa umeondolewa. Usitie chumvi wala machozi. Wewe ni mtu wa majaribio, basi wafanyie jaribio, tena mara tatu kama desturi yako. Mkuu wa chuo pengine atakupa onyo kwa kuweka vitu katika kompyuta za chuo bila ruhusa. Lipokee, litie sahihi, rudi kazini. Onyo katika faili lako ni jepesi kuliko mwaka wa watu tisa.

Jukwaani usirekebishe chochote kimyakimya. Ufungue mjadala ule, rudisha maneno ya Fundi Saa yalivyokuwa, omba arudishiwe pointi zake mbili, na chini yake uandike kwamba alikuwa sahihi na kwamba hukumpima kwa alichosema, ulimpima kwa namba iliyo kando ya jina lake. Andika hivyo hivyo, bila kupamba. Kisha rudisha ile mistari minane. Nina hakika ni mirefu na haina mvuto. Lakini ilikuwa inaacha zamu za daktari mahali pake, na zahanati ile mpaka leo ina wagonjwa wanaokwenda siku isiyo ya daktari. Umewasahau hao katika barua yako yote. Wawe wa kwanza kufaidika na masahihisho yako.

Umebaki Ulezi. Najua ulitegemea nikuambie ujitoe. Sikuambii hivyo. Kujitoa sasa ni njia nyingine ya kukimbia kabla hawajakusoma, na wewe umeshakimbia mara mbili. Acha jina lako libaki pale lilipo, uweke maelezo yako mahali ambapo kila mpiga kura atayaona kabla ya kupiga kura, utaje na pointi zilizoondolewa. Wakikataa, utabaki mkutubi anayejua kazi yake, na hiyo si kazi ndogo. Wakikuchagua wakiwa wameyasoma yote, chukua cheo hicho utembee kifua mbele, kwa sababu hapo hakuna aliyefichwa kitu.