Nukta za Bluu Tulizozifunika

Mwaka umetimia, Baba, tangu siku uliposhuka kwenye ngazi na brashi mkononi, ukasema kifua kinabana, ukakalia ndoo ya rangi. Hukuinuka tena.

Tunakukumbuka ukiingia nyumbani na madoa mpaka kwenye nyusi, wajukuu wakikisia leo umepaka nyumba ya nani. Fundi rangi gani huwahimiza wateja wapande miti? "Ukuta wenye kivuli haupauki haraka," ulikuwa ukiwaambia, na Mama akikutania kwamba unajiharibia kazi kwa mdomo wako mwenyewe. Wewe ukicheka tu.

Kila mwaka mvua zikiisha ulichukua chokaa iliyobaki, ukapaka mashina ya miti ya barabara ya zahanati ili mchwa wasipande. Uliijua miti ile na wanaoitegemea: huu wa wagonjwa wa foleni, ule wa fundi viatu, ule wa kina mama wanaosubiri chanjo na watoto mgongoni.

Baba, tumefanya kosa, na ni heri ulisikie kwetu.

Barabara inapanuliwa. Wiki mbili zilizopita tulikuta nukta za bluu kwenye baadhi ya mashina. Tukajua, hiyo ndiyo alama ya kukatwa. Basi Jumamosi iliyopita, kwa kukukumbuka, tukatoka na ndoo zako, tukazifunika zote kwa chokaa, kila shina tukilipaka mara mbili, tukijiona wajanja kweli.

Kumbe nukta ilikuwa ya kusalimika.

Msimamizi wa barabara hakumung'unya maneno. "Mama, mimi nafuata alama. Mti usio na alama unashuka Jumatatu."

Mama akamwomba tuzirudishe wenyewe.

"Nikikuruhusu wewe, kesho mji mzima utakuja na makopo ya rangi."

Mpimaji aliyeziweka amesafiri, simu yake haipatikani. Tumekwangua mpaka kucha zinauma. Nukta zinatoka pamoja na chokaa.

Usingizi umetupaa. Kila lori likipita Mama anatoka nje kuchungulia. "Ndoo nilizitoa mimi," anasema. Tunamwambia sote tulishika brashi, hasikii. Tunaogopa, Baba. Tunaogopa kukupoteza tena, mti mmoja mmoja.

Jumatatu ijayo, saa moja asubuhi, kila mmoja wetu atasimama kwenye mti wake: Mama, mkeo, kwenye ule wa wagonjwa wa foleni, shangazi, dada yako, na kiti chake kwa sababu ya magoti, sisi wanao watatu, mkweo, aliyeomba ruhusa kazini, na wajukuu zako watatu, waliokataa katakata kuachwa nyumbani.

Hakuna siku inayopita bila kukutaja, Baba. Miti yenye nukta ilikuwa kumi na minne, na tunaikumbuka yote.

Sisi tuko tisa.