Njiru, Programu Yako Haikukosea

Njiru mwanangu,

Bado nakuita baba, kwa sababu una jina la baba yangu. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, utanivumilia.

Tulipokuzika, kazi yako ya kompyuta pale kiwanda cha kahawa ilipewa Ireri. Yule wa viatu vya kung'aa. Msimu huu programu yako ya kuwatumia wakulima ujumbe wa siku ya kuleta kahawa ilimwita Nyaga mmoja siku ya Nyaga mwingine. Kahawa ya yule wa pili, ambaye hakuitwa, ikaozea kwa gunia. Ireri akasimama kwa mkutano: "Marehemu hakuwa anajua kazi. Tuitupe." Nilikuwa hapo, baba. Sikuweza hata kusimama.

Dadako Wanja akaomba nakala ya programu ya kiwanda, akaanza kujifunza ile debaga yako ya kutafuta makosa ya programu, ya skrini nyeusi na kuandika amri. Mwanzo alikuwa anapiga c ya kuendelea badala ya n ya kwenda mstari mmoja, programu inakimbia mpaka mwisho, anashika kichwa. Mimi nachambua maharagwe kando yake, nikakumbuka vile ulikuwa unasema: "Mama, usigombane na yote. Isimamishe kwa mstari mmoja, uiulize imebeba nini."

Nikamwambia. Akaisimamisha, akaenda mstari kwa mstari akiiuliza. Kwa kompyuta yako ya hapa nyumbani, mstari wa arobaini na moja unamtafuta mkulima kwa namba yake. Kwa ile ya kiwanda, unamtafuta kwa jina. Ireri aliubadilisha. Ati namba zinamchosha.

Kwa jina, Embu hii! Hao Nyaga ni watoto wa ndugu wawili, wote wamepewa jina la babu yao. Ireri mwenyewe ana binamu wa jina lake. Amesoma mpaka chuo na hajui vile watoto wa kwao wanaitwa. Nilimuuliza kama anajua debaga. Akacheka, "Mama Njiru, hiyo ni ya kizamani. Mimi huzima na kuwasha." Kuzima na kuwasha hata mimi naweza, na sina cheti.

Jumamosi kuna mkutano. Nakuahidi nitaingia na kompyuta yako mkononi, na Ireri atausoma mstari wa arobaini na moja mbele ya watu wale wale, kwa sauti. Halafu atuambie ni nani hakuwa anajua kazi.

Pumzika, baba. Safari hii nitasimama.

Mama yako