Skrubu Tatu Nyekundu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinionee huruma kabla hujafika mwisho wa barua.

Mimi ni fundi wa redio na deki, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mteja wangu wa zamani kuliko wote ni mzee mmoja mkutubi mstaafu, ana deki ya diski ambayo sijapata kuona ya pili yake, kilo ishirini na mbili, kitako chake bamba la chuma nene kama ubao wa kukatia nyama, ndani ina transfoma mbili, moja ya mota na moja ya sauti peke yake ili umeme wa hii usiichafue ile, na sehemu inayozungusha diski haikufungwa kwenye mwili wa mashine bali inaning'inia kwenye springi, hata ukipiga mguu sakafuni lenzi haitikisiki, na kila nikiifungua nilikuwa narudi nyumbani namsimulia mke wangu, mpaka akanitania kwamba nimemletea mke mwenza wa chuma.

Mzee ana diski moja tu anayoijali. Mkewe, kabla hajafariki, alirekodi akiwasomea wajukuu hadithi, dakika arobaini, nakala moja basi, na katikati ya hadithi anaacha kusoma anapaza sauti, "We baba, maziwa yanamwagika!" kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Nimemsikia mzee kwa masikio yangu, ameketi mbele ya deki, sauti ikifika hapo anajibu, "Nimeyaona, mama." Kila siku baada ya chakula cha mchana, miaka minne.

Sasa droo ikawa inakwama, mkanda wake wa mpira umelegea, kazi ya nusu saa, nikaibeba hadi karakana na diski nikaiomba niende nayo, maana sisi mafundi tuna mazoea ya kujaribu mashine kwa diski ya mteja mwenyewe asije akasema kwangu haichezi, nikabadilisha mkanda, nikamsikiliza mama wa watu akisoma, nikafurahi, nikafunika. Chini ya deki hiyo kuna matundu matatu ya skrubu nyekundu, hizo ndizo zinazofunga ile sehemu inayoning'inia wakati wa kuisafirisha, unazitoa ukitaka kuitumia, unazirudisha kabla hujaiinua, na diski unaitoa, hilo hata fundi wa jana analijua na mimi nimewafundisha wengine. Siku hiyo skrubu sikuzirudisha na diski sikuitoa. Nilikuwa na haraka ya kumfurahisha, nikaipakia kwenye buti la teksi, barabara mashimo matupu, nikasikia kitu kinagonga huko nyuma nikajiambia ni jeki.

Tulipoiwasha sebuleni kwake ilikwaruza kidogo, halafu ikaandika kwenye kioo kwamba hakuna diski. Nikaitoa. Upande wa juu, wenye jina la hadithi aliloliandika marehemu kwa mkono wake, kile kibano kinachoikandamiza diski kilikuwa kimerukaruka njia nzima kikauchuna hadi mwanga unapita. Mshauri, kwenye diski za kurekodia nyumbani sauti imelala chini ya ile rangi ya juu, ikichunwa hapo imekwenda. Nikatia mkono kwenye mfuko wa aproni nitafute kitambaa, nikazigusa zile skrubu.

Mzee akaniuliza, "Vipi, kijana wangu?"

Nikasema, "Imechoka, mzee. Diski nazo huchoka."

Akasema, "Basi nimeimaliza mimi. Ningempumzisha walau Jumapili."

Nikaichukua diski nikaenda kuisugua upande wa chini kwa dawa ya kung'arishia siku mbili nzima, nikijua fika jeraha liko juu, ili tu nionekane nahangaika. Nilipomrudishia akaniambia nichukue na deki, yeye hana tena cha kuiwekea na anajua ninavyoipenda. Mara ya kwanza nikakataa. Mara ya pili nikaibeba. Safari hiyo skrubu nilizikaza.

Sasa iko sebuleni kwangu, sijaiwasha hata siku moja, mke wangu anaipangusa vumbi na kuwaonyesha majirani. Wiki iliyopita binti wa mzee, ambaye ni nesi, alipita karakana kuniuliza kama baba yake aliniambia lolote, maana baada ya chakula anakaa mbele ya meza tupu, na akiulizwa anasema anajifunza kutosumbua watu. Nimewaza kuirudisha deki kimyakimya mlangoni kwake, nimewaza kumnunulia nyingine iliyo bora zaidi, nimewaza kuhama mtaa. Nifanye nini nipate amani?

Fundi aliyekuwa na skrubu mfukoni

MSHAURI ANAJIBU:

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili niliweka kalamu chini kwa hasira.

Kusahau skrubu ni kosa la mikono. Hakuna fundi aliyefikisha miaka kumi na tisa bila kuharibu kitu cha mtu, na hilo nakuachia. Lakini lile neno lako la "imechoka" hukulisahau popote. Ulilichagua, mzee wa watu akiwa mbele yako.

Mimi mashine sizijui, kwa hiyo nilimwuliza fundi mitambo wa hapa ofisini swali moja tu: diski ikichezwa kila siku kwa miaka minne, inaisha? Alicheka. "Inaishaje, dada? Haiguswi na kitu. Ni mwanga tu unaipitia." Wewe ulilijua hilo kabla yangu, na ukamwacha mzee aamini kwamba amemmaliza mkewe kwa kumpenda mno. Halafu ukabeba na deki! Aibu ilioje, baba.

Unataka amani. Sina amani ya kukupa, na wala si wewe niliyekuwaza nilipokuwa nasoma. Nilimwaza yule anayejifunza kutosumbua watu kwenye nyumba yake mwenyewe.

Ati uirudishe kimyakimya mlangoni. Yaani mzee afungue mlango akute kilo ishirini na mbili zisizo na maelezo? Kununua nyingine usithubutu, na mtaa usihame.

Leo hii mwambie mkeo, maana anapangusa asichokijua. Kesho, baada ya chakula cha mchana, saa ile ile, nenda. Usitangulize simu wala usimtume binti. Iweke deki mezani pake, zitoe zile skrubu tatu mbele ya macho yake, uziweke mkononi mwake, umwambie zilikuwa wapi siku ile. Habari za mashimo na teksi ziache nje. Msamaha omba mara moja tu, ukiomba mara tatu utamlazimisha mzee akubembeleze wewe. Akikufukuza, toka. Akilia, kaa. Na diski usimwahidi miujiza, umeshaisugua vya kutosha.

Sauti ya mama huwezi kumrudishia, na hilo utaishi nalo. Lakini zile alasiri zote alizoketi akamjibu kuhusu maziwa, umemfanya aone zilikuwa kosa lake. Hizo zinarudishika, na wa kuzirudisha ni wewe peke yako. Mwambie hivi, na usiongeze neno: "Mzee, hata ungemsikiliza mara elfu kumi, asingeisha."