Gulnari wa Minjila

Garsen, Mto Tana
Mfungo Mosi

Kwa mdogo wangu Mwanaidi, huko Pangani,

Nakuuliza hali kwanza kabla ya kusema yangu, kwa sababu barua yako ya mwisho ilitaja goti kisha ikanyamaza. Goti hilo linaendeleaje? Unakwenda kisimani mwenyewe, au bado unachotewa maji? Na paa la nyumba ya baba limeezekwa, au mnangoja tena masika mengine yapite? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa jicho la kushoto limeingia utando, na sasa naandika nimeinamisha kichwa upande kama kuku anayetazama kipanga. Usicheke, na wewe yatakufika. Bahasha yako ilikuja na stempu ya yule Malkia kijana. Wasichana ninaowafundisha waliniomba niibandue, wakagombana juu yake darasa zima.

Barua hii itachelewa. Mto umejaa mpaka mashamba ya mpunga hayaonekani. Feri yetu, ambayo watu huivuta kwa kamba kutoka ng'ambo hii hadi ile, imefungwa, na lori la posta limesimama upande wa pili likisubiri maji yapungue.

Habari kubwa ni kwamba mwanangu Athumani amepata mtoto. Ni msichana. Nilidhani nitakuandikia habari hii kwa furaha tupu. Nakuandikia kwa wivu, na kwa kuwa wewe ulinijua kabla sijajifunza kuficha mambo, sina haja ya kukuficha.

Unajua kazi yangu huku. Tangu marehemu mume wangu aliponileta kwenye mto huu, nimewafundisha wasichana Kurani, na nimewachagulia watu majina ya watoto. Hakuna aliyenipa kazi hiyo ya pili. Ilianza kwa udadisi. Garsen ni mahali pa kuvukia, na kila apitaye lazima angoje feri. Basi mimi huketi pale na kikapu changu cha vitumbua na kumuuliza kila msafiri jina la mama yake na la binti zake. Wengine hunidhania mpelelezi wa serikali. Fundi wa malori, Mhabeshi, alinipa Almazi, ambalo kwao ni almasi. Mwanamke wa Kisomali aliyekuwa akipeleka mbuzi Lamu alinipa Ubah, yaani ua. Mke wa Mhindi wa duka la nguo alinipa Champa, naye akanionyesha ua lenyewe limechorwa kwenye sinia. Mengine yametoka katika vitabu vya baba. Mvuta feri mmoja, Mpokomo wa Idsowe, alitaka binti yake awe na jina lenye maji ndani yake lakini si maji haya ya matope, nikampa Salsabili, chemchemi ya Peponi. Sasa kina mama huvuka na watoto mgongoni na kibaba cha mchele mkononi, wananiambia, "Bibi, tupe jina ambalo jirani hana."

Lakini liko jina moja ambalo sikumpa mtu. Unamkumbuka mke wa yule Mwajemi muuza mazulia, nyuma ya msikiti wetu? Binti yake aliitwa Gulnari. Tulipomuuliza maana yake alitupeleka kwenye mkomamanga uani kwake akatuonyesha ua, jekundu, limekunjamana kama hariri iliyokaliwa. Wewe ulikuwa mdogo, ukataka kulitia mdomoni. Mimi siku ile nilisema moyoni, binti yangu ataitwa hivi. Mungu akanipa wavulana, akaniachia mmoja. Nikaliweka jina kwa ajili ya binti wa huyo mmoja. Watu wamekuja hapa wakilia kutaka jina zuri, nami nimelizunguka Gulnari kama mtu anavyozunguka sanduku lililofungwa, nikawapa mengine.

Athumani alioa Hawo, msichana wa Kiorma, kwao Minjila. Ni mke mwema, simlaumu kwa lolote. Uzazi wa kwanza alikwenda kwa mama yake, kama ilivyo kwetu pia, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Huyo mama yake ndiye ugonjwa wangu. Anaitwa Mama Bonaya, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni mwanamke mrefu, mfugaji, anacheka bila kuziba mdomo, na Kiswahili chake ni kile cha sokoni ambamo kila kitu ni "hii". Mimi nasoma hati mbili, ya Kiarabu na ya Kizungu. Nikizungumza, mwanangu hunijibu akiwa amekwisha fika mlangoni. Mama Bonaya akisimulia habari za fisi aliyeiba ngozi, Athumani huketi chini akasikiliza mpaka chai ipoe. Nimemwona kwa macho yangu.

Mtoto alizaliwa asubuhi ya mvua kubwa, na mimi nilikuwa wa mwisho kujua. Waliokuwa wakiuza maziwa kivukoni walijua, mwenye duka alijua, hata mgonjwa aliyelazwa zahanati alinipa pongezi kabla sijaambiwa za nini. Nikapanda mtumbwi hadi maji yalipokwisha, nikamalizia kwa miguu matopeni, viatu mkononi.

Nilimkuta mtoto amepakwa samli, anang'aa, amelala mapajani mwa Mama Bonaya, na wanawake wa nyumba wakimwita Robe. Robe ni mvua, Mwanaidi. Kwa Waorma mtoto akizaliwa mvua inanyesha, mvulana ni Roba na msichana ni Robe. Simama sokoni Garsen uite jina hilo, watageuka wanawake wangapi sijui. Nikauliza ni nani aliyempa.

"Mvua," akasema Mama Bonaya, na wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikamchukua mtoto nikawaambia jina nililokuwa nimemwekea. Hakuna aliyepata kuona komamanga, ikabidi nieleze tunda na punje zake, kisha ua, kisha ile hariri. Mama Bonaya akasogea karibu. Akalitamka jina polepole, akalirudia, bila kukosea. Akaniuliza kama kuna mwingine mwenye jina hilo. Nikamwambia hakuna, mto huu mzima. Hata Lamu? Hata Lamu, nikasema, kwa nijuavyo.

"Hii jina tamu," akasema. "Hii naweza kuimba."

Nilirudi Garsen nimeshinda. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Niliwaambia watu wote wa kivukoni, na kwa mwenye duka nilipita tena kusudi nimwambie mara ya pili.

Siku ya saba nilikwenda na halua na kanga mpya bado ina kunjo za dukani. Mbuzi alichinjwa, nywele za mtoto zikanyolewa, dua ikasomwa. Kisha baba yake Hawo akatoka zizini anamvuta ndama jike, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji. Wana desturi hii: mtoto anapoanguka kitovu hupewa ndama, naye huwa wake maisha yote, pamoja na kila atakachozaa. Ni desturi nzuri, na ninawaonea wivu hata kwa hiyo, kwa kuwa kwetu mtoto hupewa kanga na baraka. Mzee akaweka mkono mgongoni mwa ndama akasema maneno mengi ya Kiorma. Nilielewa moja tu. Gulnari.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wote walinigeukia mimi, wakingoja nifurahi.

"Mmempa ng'ombe," nikasema. "Jina la mjukuu wangu mmempa ng'ombe."

Mama Bonaya alidhani furaha imenizidi. Alipouona uso wangu vizuri akaacha kucheka. "Sasa tungepa nani?"

"Mtoto, Mama Bonaya. Mtu."

"Mtu anakuja na siku yake," akasema. "Siku ya mvua, jina iko tayari. Ng'ombe ndiyo tunatafutia jina. Huyu atazaa ng'ombe yote ya mtoto. Akizaa tunasema huyu wa Gulnari, akizaa tena, wa Gulnari. Mimi nikifa bado wa Gulnari."

Dada yake akasema kutoka nyuma, "Kwao pwani ng'ombe jina yake nyama," na watu wakacheka tena. Mama Bonaya akamkemea kwa Kiorma.

Nilisema kwamba kwetu binadamu hagawani jina na mfugo. Nilisema kwa sauti, mbele ya wageni. Hawo akajifunika uso kwa mtandio. Nikamgeukia Athumani, maana katika dini baba ndiye mwenye kutoa jina, nikamwambia aseme. Yeye akatazama miguu yake, akasema hilo ni neno la mabibi. Mwanaume mzima, mwenye ndevu, amesomeshwa na mimi.

Hapo Mama Bonaya akamtwaa mtoto kutoka kwa Hawo akaniwekea mapajani. "Basi ita wewe," akasema. "Ukisema Gulnari, huyu Gulnari. Ndama itarudi kwa wengine."

Nikamwuliza Athumani maana ya maneno hayo. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba ndama na jina lake hutolewa pamoja. Jina likiondolewa, zawadi nayo imeondolewa, na ndama aliyekwisha itwa haitwi upya. Nikauliza kama hakuna ndama jike mwingine. Hakuna. Mafuriko yamechukua wengi mwaka huu, na waliobaki ni madume.

Mtoto alikuwa macho. Ana pua ya baba yetu, ile pana uliyokuwa ukiibana kwa vidole usiku ili ipungue. Jina lilikuwa ulimini mwangu, halikuhitaji ila kufungua mdomo. Nikainua macho nikamwona Mama Bonaya ananitazama midomo. Mwanamke yule asiyeogopa chui alikuwa ameshika kingo za nguo yake, anangoja neno langu. Kwa mara ya kwanza tangu tuwe wakwe, mimi ndiye niliyekuwa na kitu na yeye ndiye aliyekikosa. Nilifurahia hofu yake, Mwanaidi, kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mwanamke wa umri wangu.

Kisha nikasema, "Robe."

Hawakupiga vigelegele mara moja. Nadhani hawakuamini. Mama Bonaya alikwenda mwenyewe akakamua, akanijazia kibuyu, akanipa kabla ya wazee wa kiume, jambo ambalo Athumani aliniambia hajapata kuliona nyumbani kwao. Nikanywa. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi na yalikuwa matamu, na hilo nalo liliniudhi.

Hawo na mtoto bado wako kule mpaka arobaini. Wauza maziwa huniletea habari nisizoziuliza. Wanasema kila jioni Mama Bonaya humwimbia yule ndama, naye Robe huwa begani kwake akisikiliza. Humwimbia jina zima. Hapa Garsen majina yangu yote yamekatwa: Salsabili anaitwa Sali, Almazi anaitwa Mazi, na Champa mama yake mwenyewe humwita Cha. Jina moja tu nililolichagua linatamkwa lote kama nilivyolisikia uani kwa Mwajemi, na anayelitamka ni yeye, na anayeitwa nalo anakula majani. Nimepata kumwonea wivu mwanamke mwenye watoto wengi, na mwenye mume hai, na wewe kwa kuwa ulibaki nyumbani. Sikujua nitafika kumwonea wivu ndama.

Ijumaa hii maji yakishuka nitakwenda Minjila. Nimejiambia ninakwenda kumwona mtoto tu.

Nisalimie shangazi yetu mkubwa. Akiuliza jina la kitukuu, mwambie ni Robe, na kwamba ni mvua. La ndama usimwambie, atacheka mpaka pumu imrudie. Msalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie miwani aliyonitumia imevunjika mguu lakini bado naivaa kwa uzi. Msalimie binti yako Zuhura mshonaji, na mwalimu wa chuoni aliyemrithi baba, na jirani yetu wa kisimani kama bado yu hai na bado ananuna. Lifunge goti kwa majani ya mbarika yaliyopashwa moto, usingoje mpaka livimbe.

Ni mimi dada yako, Mwanakheri,
bibi yake Robe, mmoja kati ya wawili.