Njia ya Ng'ombe Uliyoniachia

Baba Halima, mume wangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Mvua imekosekana, mahindi yamekaukia shambani, na ng'ombe wa wafugaji Waorma wamerudi kutafuta maji.

Unaukumbuka mwaka ule mto Tana ulipohama baada ya mafuriko? Malka, njia ya zamani ya ng'ombe kwenda mtoni, ikaishia kwenye mchanga mtupu. Maji yakawa nyuma ya mashamba yetu. Wanaume wa kijiji chetu cha Kulesa wakanoa mapanga, Waorma wakashika mikuki, na askari wote walikuwa mbali, mjini Garsen. Wewe, mwalimu wa chuo cha Kurani, ukatoka msikitini Ijumaa ile ukaenda moja kwa moja kukata migomba yangu. Nikakuuliza kama umerukwa na akili. Hata hukugeuka. "Mama Halima, nimewahubiria watu kwamba maji hayanyimwi kiumbe mwenye kiu. Sasa njia nifungue kwenye shamba la nani?"

Nilikununia mwezi mzima. Wenzangu walivuna ndizi, mimi nikavuna kwato. Lakini mwaka ule hatukuzika mtu wa panga wala wa mkuki, na Mzee Barisa wa Waorma kila akipitisha ng'ombe wake aliniachia kibuyu cha maziwa mlangoni.

Tangu tukuzike, ndugu yako Buya ndiye anayetuhubiria. Anasoma vizuri, simkatai. Juzi ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya mtu, basi akaiziba njia kwa miiba, shambani kwangu, bila hata hodi. Leo asubuhi Barisa amefika na ng'ombe mbavu nje, vijana wake nyuma na mikuki, wetu huku na mapanga.

"Shemeji, rudi nyumbani," Buya akaniambia. "Haya si mambo ya wanawake."

"Na shamba ni la nani?"

Nikainama nikaanza kuvuta miiba kwa mikono mitupu, wote wananitazama, nami nakulaumu wewe kimoyomoyo. Barisa akalaza mkuki wake chini, akashika tawi upande wa pili. Ng'ombe wakapita wakanywa. Mihogo niliyobakiwa nayo wameikanyaga yote.

Nimekukumbuka leo mpaka nikalia. Kuhubiri ulihubiri wewe, na sifa ukapewa. Miiba umeniachia mimi. Kesho wanakuja tena, na Buya hajasema kama ataiacha njia wazi. Mikono imevimba, lakini alfajiri nitakuwa pale. Namwomba Mungu nguvu zisiniishie kabla ya mvua.

Pumzika, nawe ulistahili kupumzika.

Mkeo,
Mama Halima