Barua Iliyosubiri Kwenye Printa

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Ilongero tu wazima na alizeti imestawi. Umeuliza mfumo endeshi wa kompyuta hufanya nini.

Nilipokuwa karani kijana, mwenzangu wa ofisini, Salma, alifariki ghafla. Wiki iliyofuata fundi alitengeneza printa yetu. Alipoiwasha tu, ikaanza kuchapa yenyewe: "Mama, Jumamosi nakuja Mtinko. Salma." Niliruka nyuma.

"Usiogope, dada," fundi alisema. "Aliagiza barua hii ichapwe wakati printa ilikuwa mbovu. Mfumo endeshi huitunza kazi kwenye foleni mpaka printa iwe tayari. Haujui kama mwenye kazi bado yupo."

Niliipeleka barua Mtinko. Mama yake aliisoma, akaniuliza taratibu, "Jumamosi ipi?"

Nilikaa naye mpaka jioni.

Bibi yako akupendaye