Sabuni Niliyokununulia

Nakuru, 14 Aprili 1974

Kwako Wangare, binti yangu ninayekuita mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu,

Hapa nyumbani tu wazima. Mvua imeanza vizuri, na mama yako amepanda viazi hata kando ya choo.

Uliandika kwamba miguu inakuvimba, nami nikampelekea daktari wa hapa barua yako. Akaniuliza, "Mzee, huyu msichana anaoga na sabuni gani?" Nikamtajia ile ya kung'arisha uso. Akasema ina zebaki, nayo hupenya ngozi na kuharibu figo polepole. Ukiiacha sasa, kuna matumaini.

Ni mimi niliyekununulia, nikidhani nakufurahisha kabla ya arusi yako. Nisamehe. Itupe leo, usimpe mwenzako, kisha uende hospitali ukapimwe mkojo.

Pamoja na barua hii nimetuma chupa ya mafuta ya mbarika aliyokamua mama yako. Amesimama hapa mlangoni na kusema, "Mwambie mimi niliolewa nikijipaka hayo, na wewe hukulalamika." Ni kweli, sikulalamika.

Kuna jambo sijawahi kukueleza. Tulipofukuzwa Olenguruone na serikali ya mkoloni tuliacha kaburi la mama yangu huko, na hakuwahi kupigwa picha. Nikitaka kumwona, mimi hungoja uje likizo. Ngozi yako na irudi ilivyokuwa, mama, nyeusi kama yake. Sina mahali pengine pa kumtazama.

Baba yako,
Naftaly Kahiga